Banda Moja, Rika Tatu, Mfuko Mmoja wa Chakula

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Nina tatizo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini hapa nyumbani limefika mahali tunakula chakula cha jioni bila mtu kuinua uso. Linahusu chakula cha kuku.

Tunaishi Morogoro, mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Nyuma ya nyumba tuna banda moja la mita 4 kwa 3, chini saruji na maranda. Ndani kuna mitetea 12 wa mayai, wale wa rangi ya kahawia, ambao sasa wana miezi minane tangu waanze kutaga. Kuna jogoo mmoja. Kuna matembe 8 wa wiki 14 ninaowakuza waje kushika nafasi ya hawa wakubwa. Na tangu mwezi uliopita kuna vifaranga 20 wa chotara, leo wana wiki 5, ambao mama mkwe aliwanunua kwa pesa yake ya mchezo. Alipowaleta hakuniuliza, na mimi sikusema kitu.

Siku zote banda zima lilikula chakula cha kuku wanaotaga, kwa kuwa mitetea ndio wanaoleta pesa. Matembe walikuwa 10. Niliwatoa kwenye boksi wakiwa na wiki 8 nikawachanganya na wakubwa. Walipofika wiki ya 12 mmoja akafa, siku nne baadaye akafuata mwingine. Yule wa pili nilimpasua. Moyo na ini vilikuwa vimefunikwa na kitu cheupe kama vile umenyunyizia chokaa. Muuza pembejeo aliponisikiliza akaniambia moja kwa moja: chakula cha kutagia kimemuua, usiwape wadogo tena.

Niliogopa, hasa kwa ajili ya vifaranga wa mama. Nikaacha kabisa chakula cha kutagia, nikanunua staata, yaani kile cha kuanzia, wakala wote. Vifaranga wakachangamka. Lakini haikufika wiki mbili mayai yakaanza kuharibika: ganda jembamba, mengine ngozi tupu, na mengine rangi yake ya kahawia imepauka. Kijana wa chipsi anayenunua trei zangu alinirudishia mayai 7 yaliyopasuka kwenye trei moja, akasema wiki ijayo kama ni hivyo atatafuta kwingine.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema nichanganye mifuko miwili, nusu kwa nusu. Mume wangu anasema turudi kwenye chakula cha kutagia, na vifaranga wauzwe, maana hata huo mfuko mmoja wa kilo 50 unaisha kwa siku 12, mifuko miwili tutaitoa wapi. Mama mkwe anasema, "Kuku anajua chakula chake. Sisi tulifuga miaka yote bila mfuko hata mmoja." Juzi niliwatenga vifaranga wake kwenye boksi ili wale peke yao. Akanyamaza. Kesho yake nilimsikia akimwambia shangazi kwenye simu kwamba kuku wake wamefukuzwa bandani.

Sitaki kumuumiza mama. Sitaki pia kupoteza mteja wa mayai, pesa hiyo ndiyo ada ya mtoto. Na sitaki kuua kuku kwa mikono yangu nikidhani nawalisha. Nimpe nani chakula chake?

Mkamwana, Morogoro

JIBU

Dada Mkamwana,

Pole kwa matembe wawili, na pole kwa ukimya wa mezani. Barua yako inanionyesha mtu anayetazama kuku wake kwa makini: umehesabu wiki, umempasua aliyekufa, umeona mpaka rangi ya ganda ilivyobadilika. Nitategemea sana ulichokiona wewe mwenyewe.

Nikikusoma vizuri, unabeba mambo matatu kwa wakati mmoja. Mitetea wanahitaji kitu ambacho kinaweza kuwadhuru wadogo. Mfuko mmoja tayari unauma mfukoni. Na kila unapojaribu kutenganisha kuku, ndani ya nyumba inasikika kana kwamba unatenganisha watu. Nianze na kuku, kwa sababu nadhani huko kuna nafasi kubwa kuliko unavyoiona sasa.

Kinachotofautisha mfuko wa kutagia na ule wa kukuzia, yaani wa kuku wanaokua ambao bado hawajataga, zaidi ya kitu kingine chochote, ni kalsiamu. Protini zake hazipishani sana, mara nyingi zote zinacheza kwenye asilimia 16 au 17. Lakini chakula cha kutagia kina kalsiamu ya asilimia 3.5 mpaka 4, na cha kuanzia au kukuzia kina karibu asilimia 1 tu. Ganda la yai moja linabeba gramu 2 hivi za kalsiamu, na kwa kuwa si yote anayokula inayosharabiwa mwilini, mtetea anahitaji kula takriban gramu 4 kwa siku. Mtetea wako anakula kama gramu 115 za chakula kwa siku. Ulipompa staata alipata gramu 1 na kidogo. Iliyobaki aliichota kwenye mifupa yake, na akiba hiyo haikai muda mrefu. Ndiyo maana ganda liliharibika kabla ya wiki mbili kwisha. Ukiendelea hivyo utaanza kuona mtetea anayeketi chini na kushindwa kusimama.

Tembe ambaye bado hajataga hana pa kuipeleka kalsiamu yote hiyo. Ikizidi, kazi ya kuitoa inaziangukia figo. Figo za kuku ndizo pia zinazotoa ile taka nyeupe unayoiona juu ya kinyesi, asidi ya yuriki. Zikizidiwa, taka hiyo inabaki mwilini na kutanda juu ya moyo, ini na figo zenyewe kama unga mweupe. Hilo ni jongo la kuku, na ulichokieleza kinafanana nalo sana.

Hata hivyo, naomba tusimpe muuza pembejeo ushindi wote. Weupe ule unatuambia kwamba figo zilishindwa. Hautuambii kilichozishinda. Chakula cha kutagia kwa wiki nne mfululizo ni mshukiwa mkubwa, nakubali. Lakini kuku aliyekosa maji naye anaishia na weupe uleule, na hali kadhalika chumvi nyingi, na hata ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa unaoshambulia figo. Matembe waliotoka kwenye boksi wakiwa na wiki 8 na kuingia kwa mitetea 12 wenye ubabe, je, walikuwa wanafika kwenye chombo cha maji? Kilikuwa kimoja au viwili? Naliuliza hili kwa sababu kama maji yalikuwa sehemu ya tatizo, utabadilisha mifuko mwaka mzima na vifo vitaendelea. Kuku mkubwa anakunywa kama robo lita kwa siku ya kawaida, na kwenye joto la Januari na Februari huko kwenu anaweza kufikisha mara mbili yake. Vyombo viwili vya maji, kila kimoja upande wake wa banda, ili anayefukuzwa hapa anywe kule. Hiki ningekifanya leo, bila kusubiri uamuzi wowote wa chakula.

Yule wa kwanza hukumpasua, kwa hiyo hatujui alikufa na nini. Banda lenye rika tatu lina hatari nyingine ambayo haiko kwenye mfuko: mitetea wakubwa wanaweza kubeba vimelea vya kuharisha damu na magonjwa mengine bila kuonyesha dalili, na wadogo wakala kinyesi chao. Maranda makavu na chanjo zilizokamilika zitakusaidia kuliko dawa za kubahatisha. Kama vifaranga wa mama hawakupata chanjo ya gumboro na ya kideri, mwite afisa mifugo wa kata kabla ya kufikiria kitu kingine. Akifa kuku mwingine, mwonyeshe siku hiyohiyo, akiwa hajaoza.

Kuhusu wale 8 waliobaki, sitakuficha: figo iliyoumia utotoni mara nyingine hujitokeza kuku anapoanza kutaga. Waangalie kinyesi cha majimaji, upanga uliopauka, na kifua kilichokonda unapowashika usiku. Wengi wanaweza kuwa salama kabisa.

Sasa ushauri wa jirani. Nusu kwa nusu inasikika kama haki kwa wote, lakini ukichanganya asilimia 3.8 na asilimia 1 unapata 2.4. Mtetea atakula gramu 2.8 za kalsiamu, bado ana upungufu. Kifaranga atakuwa anakula zaidi ya mara mbili ya kinachomfaa. Utakuwa umelipia mifuko miwili, na hakuna hata mmoja aliyelishwa sawasawa.

Na sasa pesa, kwa sababu hapa nadhani mume wako ana hesabu ambayo haijakamilika. Mitetea 12 kwa gramu 115 ni kilo 1 na gramu 380. Jogoo gramu 120. Matembe wa wiki 14 wanakula kama gramu 75 kila mmoja, jumla gramu 600. Vifaranga wa wiki 5 gramu 40 hivi, jumla gramu 800. Ukijumlisha unapata kilo 2.9 kwa siku. Mfuko wa kilo 50 ulipaswa kukufikisha siku 17. Wako unaisha siku 12, maana yake kilo 4 na zaidi zinatoka kila siku, na kilo 1 na robo hivi haiingii kwenye tumbo la kuku wako. Kwa mwezi hiyo ni robo tatu ya mfuko. Inakwenda wapi? Mara nyingi inamwagwa: chombo kikijazwa mpaka juu, kuku anachakura kwa mdomo na kutupa. Jaza theluthi moja tu. Ukingo wa chombo uwe sawa na mgongo wa kuku anayekula. Tazama pia chini ya chombo asubuhi, na pembe za banda kama kuna mashimo ya panya, maana panya hula usiku bila kelele. Kabla ya kusema mifuko miwili haiwezekani, pima chakula kwa mizani siku tano mfululizo, unachotia asubuhi na kinachobaki jioni. Huenda pesa ya unachokitafuta iko hapo sakafuni.

Kauli ya mama mkwe kwamba kuku anajua chakula chake, dada yangu, naomba usiitupe. Kwa protini na vitamini haitoshi, kwa sababu kuku aliyefungiwa hana kumbikumbi wala majani ya kuchagua. Lakini kwa kalsiamu mama amesema jambo la kweli. Mtetea anayetengeneza ganda anaitamani kalsiamu, na akiwekewa pembeni anaifuata mwenyewe, hasa alasiri na jioni kabla ya kupanda kulala, kwa sababu ganda hujengwa usiku. Tembe na jogoo wanadonoa kidogo na kuondoka. Kwa hiyo njia ya kwanza inayofunguka mbele yako inatokana na maneno yake: ondoa kalsiamu ya ziada kwenye chombo cha wote, iweke peke yake.

Kwa vitendo ni hivi. Banda zima linakula chakula cha kukuzia, mfuko mmoja. Ukutani, kwa urefu wa mgongo wa mtetea, unatundika kopo la makombe ya baharini yaliyopondwa, ambayo baadhi ya maduka huyauza kwa jina la magamba. Yawe na ukubwa wa punje ya mchele au chenga. Unga unapita tumboni haraka, lakini kipande kinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati hasa ganda linapojengwa. Kila mtetea atahitaji gramu 7 au 8 kwa siku, kwa hiyo 12 ni karibu gramu 100, kilo 3 kwa mwezi. Maganda ya mayai ya jikoni yanasaidia, yakikaushwa kwenye sufuria ya moto na kupondwa mpaka yasifanane tena na yai, ila usiyategemee peke yake: ganda moja lina gramu 6 hivi, na wewe mayai mengi unayauza. Ukikosa makombe, kuna chokaa ya mifugo ya vipande. Tafadhali isije ikawa chokaa ya kupaka nyumba. Hiyo inaunguza mdomo na koo.

Hatari za njia hii zipo. Wiki ya kwanza kuna mitetea ambao hawatalitambua kopo, na mayai yataendelea kuwa mabaya kwa siku kadhaa. Nyunyiza makombe kidogo juu ya chakula chao cha jioni, siku mbili au tatu, wakiwa peke yao. Jambo la pili ni vifaranga: chotara wa wiki 5 anataka protini ya asilimia 18 mpaka 20, na chakula cha kukuzia cha asilimia 16 kitamchelewesha. Hatakufa, lakini mama ataona kuku wake wamedumaa, na atajua sababu.

Hapo ndipo njia ya pili inaweza kuungana na ya kwanza. Mama mkwe bila shaka anajua tenga. Tenga pana lililofunikwa, likainuliwa juu ya vipande vitatu vya tofali vya sentimita 10 hivi na kuwekewa jiwe juu, ni chumba cha chakula ambacho kifaranga anaingia kwa kuinama na mtetea hawezi kupitisha kifua. Sahani ya chakula ikae katikati kabisa, angalau sentimita 30 kutoka ukingoni, la sivyo mitetea watanyoosha shingo na kumaliza. Unaweza pia kufunga fremu ya fito zenye nafasi ya sentimita 6 au 7. Pima kwa kifaranga mkubwa kuliko wote: akipita kwa kujibana, umepatia. Humo ndani wanakula staata yao, au kile cha kukuzia kilichoongezwa dagaa. Kwa gramu 740 za chakula, tia gramu 60 za unga wa dagaa, na unapata kama asilimia 19. Chagua dagaa wasio na mchanga na wasiotiwa chumvi. Figo zimeshapata taabu ya kutosha bandani mwako.

Ubaya wa tenga ni kwamba lina mwisho. Vifaranga wakifika wiki ya 8 au 9 hawapiti tena. Lakini kwa umri huo chakula cha kukuzia kinawatosha, kwa hiyo wanatoka kwenye tenga na kuingia kwenye chombo cha wote, na wewe unabaki na mfuko mmoja tu. Kama utabadilisha chakula, fanya kwa wiki nzima: robo mpya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha chote.

Njia ya tatu ni kugawa banda kwa wavu wa inchi moja. Mita 4 kwa 3 ni eneo la kutosha. Pembe ya mita 2 kwa 1.2 inawabeba vifaranga 20 mpaka wiki ya 8, na mitetea wanabaki na chakula chao cha kutagia kama zamani. Kwa mayai, hii ndiyo njia ya uhakika zaidi. Lakini inataka mifuko miwili kwa muda wote, na haimalizi suala la matembe, ambao nao wasile cha kutagia mpaka waanze. Utawaweka upande upi? Wakikaa na vifaranga watawaonea. Na kwa namna mambo yalivyo nyumbani, ukuta wa waya uliopandishwa ghafla unaweza kusikika kama lile boksi, mara mbili.

Njia ya mume wako, kuuza vifaranga na kurudi kama zamani, nayo si ya kipuuzi. Inarahisisha banda. Ila haigusi matembe wako 8, ambao wataendelea kula kilekile tunachokishuku. Na kuku wale si wako wala si wake wa kuuza. Kama kuna mtu wa kulisema hilo, ni mama mwenyewe, baada ya kuziona hesabu.

Kitu kimoja kuhusu staata uliyowapa mitetea, nakusihi ukiangalie leo. Baadhi ya mifuko ya kuanzia inatiwa dawa ya kuzuia kuharisha damu. Soma karatasi iliyoshonewa mfukoni. Kuna dawa iitwayo nikabazini ambayo inapausha ganda la kahawia na kuharibu uwezo wa yai kuanguliwa, na zipo nyingine ambazo hazipaswi kufika kwenye mayai ya kula. Kupauka ulikokuona kunaweza kutoka hapo, au kwenye joto, au kwenye maradhi, kwa hiyo mfuko ndio shahidi wako. Ukikuta jina la dawa, muulize afisa mifugo ni siku ngapi mayai yasiuzwe. Najua hilo linaumiza ukimfikiria mteja wako. Lakini ukimwambia mwenyewe kwamba umesimamisha mayai kwa wiki moja na kwa nini, nafasi ya kumrudisha ni kubwa kuliko akija kugundua peke yake.

Sasa nyumbani. Umeandika kwamba vifaranga walipoletwa hukusema kitu. Najiuliza kama lile boksi halikuwa jibu ulilolichelewesha mwezi mzima, na kama mama hakulipokea hivyo hasa. Labda nakosea; wewe ndiye unayemjua. Lakini angalia pia kwamba aliona boksi bila kusikia sababu. Hajui kwamba ulimpasua tembe na ukaogopa kwa ajili ya kuku wake. Ungemweleza hilo tu, kabla ya jambo lolote la wavu na mifuko? "Mama, nilichokiona kwenye yule tembe kilinitisha, sikutaka kiwapate wa kwako." Kisha ungeweza kumuuliza kuhusu tenga. Wapo wazee wanaofurahi kuombwa ujuzi wao, na wapo watakaohisi unawapamba ili wakubali. Kama mama ni wa aina ya pili, muombe kitu kimoja kidogo na cha kweli: yeye ndiye anayekaa nyumbani jioni, basi alitazame kopo la makombe, nani anakuja na nani hasogei. Hiyo ni kazi inayohitaji jicho, na majibu yake utayahitaji kweli.

Na mume wako mpe karatasi ya siku tano za mizani. Pengine anapinga mifuko miwili kwa sababu anaona mmoja unayeyuka na hakuna anayemwambia unakokwenda.

Sijui ni ipi kati ya njia hizi inayoweza kukaa ndani ya nyumba yenu. Mayai yatahitaji wiki moja hadi mbili kurudi, hata ukifanya yote sawasawa leo, kwa hiyo usiihukumu njia yoyote kwa trei ya kwanza. Na mkikubaliana lolote, mwezi ujao shika matembe mmoja mmoja usiku. Upanga ukianza kuwa mwekundu, na tembe akachuchumaa unapomwekea mkono mgongoni, ujue yai la kwanza halipo mbali. Siku hiyo ndiyo naye anaanza kulifuata kopo la makombe.

Mshauri wako